Rafiki, na Hasira ya Jirani

Filamu ya Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, haifiki hata saa moja na nusu. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes kule Ufaransa, na mwaka huohuo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku nyumbani kwake. Huku kwetu Mara wengi tuliisikia kabla ya kuiona, na tuliyoyasikia yalitosha kutufanya tusitake kuiona. Mimi nimeiona mara tatu. Naiandikia katika kitabu hiki cha imani kwa sababu inagusa swali ambalo mahubiri yetu hayaligusi: hasira ile tunayokuwa nayo tunapowazungumzia watu wanaopenda watu wa jinsi yao inatoka wapi? Sisemi fundisho. Nasema hasira. Mtu anaweza kuwa na fundisho bila hasira, na anaweza kuwa na hasira ambayo fundisho lake halikumpa.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi. Kena anacheza mpira na vijana wa kiume na kumsaidia baba yake dukani. Ziki ni binti wa tajiri, nywele zake zimesukwa kwa rangi kali, anapenda kucheza ngoma na wenzake barabarani. Baba zao, John Mwaura na Peter Okemi, wanagombea kiti kimoja cha udiwani. Wasichana wanapendana, wanagunduliwa, wanapigwa na umati, wanatenganishwa. Kisa hicho kimetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iitwayo Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kahiu amekihamishia Nairobi na kukipaka rangi za waridi, zambarau na kijani, hata mtaa wa watu wa kipato cha chini ukaonekana kama duka la khanga asubuhi. Wapo waliosema rangi hizo zinapunguza uzito wa jambo. Mimi naona zimefanya kazi yake, maana kipigo kinapokuja kinakuja mahali tulipokwisha kupapenda.

Jina la filamu lina maana yake. Mwongozaji amewahi kueleza kwamba watu wa namna hii, wanapomtambulisha mwenzao mbele ya wengine, hulazimika kusema tu: huyu ni rafiki yangu. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine hapo, ambalo filamu haikuligusa. Neno shoga, tunalolitupa leo kama jiwe, lilikuwa neno la urafiki. Pwani mwanamke alimwita mwanamke mwenzake shoga yangu, na wapo wanaoita hivyo hadi leo bila kosa lolote. Ni neno la kukaa ukumbini, kusukana nywele na kupeana siri. Sisi tumelichukua, tukalifanya tusi la kumtupia mwanamume, kisha tukalisahau lilikotoka. Sijui lugha nyingine ambamo neno la upendo limegeuzwa tusi kwa usafi kiasi hicho.

Sasa niingie katika ukosoaji wenyewe, nianze na kasoro, kwa kuwa inatuhusu sisi wa kanisani moja kwa moja. Mchungaji wa filamu hii ni kivuli. Anahubiri dhidi ya watu kama hao huku wasichana wamekaa palepale wakisikiliza. Baadaye mama yake Kena anampeleka binti yake kanisani, mikono inawekwa juu yake, watu wanapaza sauti kutoa mapepo. Ni tukio la kweli. Nani kati yetu hajaliona au kulisikia? Lakini mchungaji huyo hana nyumba, hana hofu, hana usiku anaokosa usingizi. Hatujui anaamini nini akiwa peke yake. Matokeo yake, mchungaji wa Bunda au mwinjilisti wa Butiama akimtazama atasema, huyu si mimi, na filamu itakuwa imemwachia njia ya kutokea. Msanii anayetaka kutuonyesha chuki angetuonyesha mtu mwema mwenye chuki. Huyo ndiye tunayemfahamu, na ndiye anayetusumbua.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye Kahiu amemwandika vizuri hata nadhani hakujua amefanya kazi kubwa kiasi gani. Ni Mercy, mama yake Kena. Mume wake amemwacha na kuoa mwanamke mdogo, na mke huyo mpya ni mjamzito. Mtaa mzima unajua. Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula ambacho ndicho redio ya mtaa, anahakikisha kila mtu anajua. Mercy amebakiwa na vitu viwili tu vinavyompa uso wa kutembea nao: heshima yake kanisani, na binti mwenye akili anayesubiri matokeo ya mtihani. Habari za Kena na Ziki zinapolipuka, vitu vyote viwili vinatikisika siku moja. Ndipo anapogeuka kuwa mkali kuliko wote. Mtazame vizuri wakati huo. Uso wake si wa mtu aliyeona amri ya Mungu imevunjwa. Ni uso wa mwanamke aliyekwisha kuaibishwa mara moja mbele ya watu, na sasa anaona aibu ya pili inaingia mlangoni.

Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Gregory Herek aliandika katika miaka ya 1980 kwamba, ukitaka kuelewa chuki ya mtu dhidi ya watu hawa, usiulize tu anaamini nini. Uliza chuki hiyo inamfanyia kazi gani. Kwa mmoja inamsaidia kuonyesha maadili yake. Kwa mwingine inamhakikishia nafasi yake katika kundi: nikiwalaani, wenzangu watajua mimi ni wao. Kwa wa tatu inatuliza wasiwasi ulio ndani yake mwenyewe. Nimelifikiria sana jambo hilo la pili, kwa sababu ndilo ninaloliona zaidi kwetu. Mtu akikaa kimya mazungumzo haya yanapoanza kibarazani, watu humtazama. Ukimya wake unamgharimu. Basi anaongeza neno, na wa pembeni yake anaongeza lake kubwa zaidi ili asionekane mpole kuliko wa kwanza. Mwisho maneno ya kibaraza yanakuwa makali kuliko moyo wa mtu yeyote aliyeketi pale. Kila mmoja anarudi nyumbani akidhani wenzake wote wanachukia kuliko yeye.

Hapo msomaji ataniambia: ndugu, mbona unazunguka? Sababu ni Biblia. Nalichukua jibu hilo kwa uzito, maana ndilo ambalo Mkristo yeyote wa Musoma atalitoa, na halitoi kwa unafiki. Lakini linapimika. Orodha ya Mtume Paulo katika sura ya 6 ya Wakorintho wa Kwanza, ambayo ndiyo huletwa mezani, haikuwataja hao tu. Inataja pia wazinzi, wezi, wachoyo, walevi, watukanaji na wanyang'anyi. Mzinzi tunaye, mara nyingine yuko kwenye kamati ya ujenzi. Mtukanaji tunaye, yuko kwaya. Mkopeshaji anayemnyang'anya mjane kiwanja kwa riba tunaye, na tunampa kiti cha mbele siku ya harambee. Tunawahubiria, tunawaonya, wengine tunawatenga kwa muda kwenye Meza ya Bwana. Hatuwakusanyikii na fimbo. Kama ni orodha iliyotupa hasira, ingetupa hasira sawasawa kwa wote. Fundisho ni moja, hasira ni ya kuchagua. Kwa hiyo lazima hasira ina chemchemi yake nyingine, na fundisho linaitwa baadaye kuja kuitolea ushahidi.

Nisieleweke vibaya. Kanisa lina mafundisho yake kuhusu ndoa, nami sikukaa kuyaandika upya. Wapo Wakristo sehemu nyingine za dunia wanaoyasoma maandiko hayo tofauti, na mjadala huo una mahali pake. Hapa nauliza kuhusu anayepiga. Miaka yote tumekuwa tukiuliza kuhusu anayepigwa: amekuwaje, nani kamharibu, alilelewa vipi. Upande wa pili hatujawahi kuuweka mezani.

Mwaka mmoja, katika semina ya viongozi wa vijana waliotoka Musoma, Bunda na Butiama, tuliitazama filamu hii watu saba, jioni, kwenye kompyuta ndogo, katika nyumba moja ya kata ya Buswahili. Sikuwatayarisha kwa maneno mengi. Nilitaka kuona. Walicheka sana kila Mama Atim alipofungua kinywa. Walinyamaza wasichana walipokuwa peke yao ndani ya gari bovu walilofanya maficho; mmoja alitoka nje akasema anakwenda kuangalia betri ya sola. Kisha Mama Atim akawafumania, umati ukaja, na kipigo kikaanza. Hakuna aliyecheka. Kilipokwisha, kijana mmoja, mtu mpole, mwalimu wa shule ya Jumapili, akasema kwa masikitiko ya kweli: "Jamani, hapo wamezidi."

Wamezidi. Neno hilo limekaa nami. Mtu husema umezidi chumvi pale ambapo chumvi kidogo ilikuwa sawa. Kijana yule hakufundishwa na mtu yeyote kwamba kuna kipimo halali cha kuwapiga wasichana wawili. Hakuna katekisimu yenye kipimo hicho. Na ungemwuliza ni kipigo kiasi gani kingefaa, angeshtuka na kukana. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, likitokea mahali ambapo mafundisho yake hayajafika.

Gordon Allport, aliyechapisha kitabu chake maarufu juu ya ubaguzi wa namna hii mwaka 1954, aliweka ngazi tano. Kwanza watu wanasema vibaya juu ya kundi fulani. Kisha wanaliepuka. Kisha wanalinyima haki. Kisha wanalishambulia. Mwisho wanaliangamiza. Rafiki imezipanda nne za kwanza, na ngazi ya chini kabisa imewekwa kwenye kibanda cha Mama Atim, mahali pa kuchekesha. Hapo sijui kama mwongozaji alifanya kusudi, lakini vijana wangu walipanda ngazi ileile pamoja na umati: walicheka wakati wa kucheka, na kicheko ndicho kilichowafikisha.

Liko jambo jingine lililonisumbua katika jioni ile, nalo ni yule aliyetoka kuangalia betri. Alikuwa na kinyaa. Kinyaa ni kitu cha ajabu, kina sheria zake ambazo akili haizitungi. Paul Rozin na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 1986, waliwapa watu kinywaji, kisha wakatumbukiza ndani yake mende aliyekufa na kusafishwa hadi hana kijidudu chochote. Watu walikataa kunywa. Walielezwa kwamba ni salama, wakaelewa kwamba ni salama, wakakataa vilevile. Kwa kinyaa, kilichoguswa kimeguswa. Hakisafiki kwa maelezo.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji mende wa maabara kulijua hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata tuliona ndani ya nyumba za Wakristo sahani ya mgonjwa ikiwekwa peke yake, kikombe chake peke yake, beseni lake nje. Hakuna andiko lililoagiza hivyo. Wauguzi walipoeleza kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe, watu walitikisa kichwa, wakaelewa, kisha wakakiacha kikombe palepale. Ilichukua miaka, na kilichokirudisha kikombe kabatini hakikuwa maelezo peke yake. Ni mikono ya watu wachache waliokunywea humo.

Biblia inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Katika Matendo sura ya 10 Petro anaonyeshwa shuka lenye wanyama, anaambiwa ale, anakataa. Tunasoma habari ile kama habari ya sheria ya vyakula, lakini msikilizeni Petro anavyokataa: hajawahi, hata siku moja. Hiyo ni sauti ya tumbo. Sauti ya hoja haiko hivyo. Maono yanarudiwa mara tatu, kwa sababu kinyaa hakiondoki kwa mara moja. Na alipofika nyumbani kwa Kornelio akaeleza alichojifunza, hakuzungumzia nyama hata kidogo. Alisema ameonyeshwa asimwite mtu yeyote mchafu wala najisi. Mtu, si kitendo. Petro hakuacha kutofautisha mema na mabaya tangu siku ile. Aliacha kuliamini tumbo lake kama nabii.

Wengine husema chuki hii inatokana na kwamba jambo lenyewe ni geni, si la utamaduni wetu. Sihoji ugeni au uzawa wake hapa; nataka tu kuonyesha kwamba sababu hiyo haitoshi. Kwa Wakuria wa mkoa wetu kuna nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anamwoa binti, na watoto ambao binti huyo anazaa na mwanamume wanahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Si jambo la mapenzi kati ya wanawake wawili, na Mkuria ukimwambia hivyo atakushangaa. Ni jambo la uzao, urithi na uzee. Makanisa hayakulikubali, na lina maumivu yake, hasa kwa binti anayeolewa kwa namna hiyo. Lakini angalieni: wanawake wawili wanaishi nyumba moja kwa jina la ndoa, wametolewa ng'ombe mbele ya ukoo, na hakuna umati uliokwenda kuivunja nyumba hiyo kwa mawe. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayekaa akiwaza kitandani kwao. Kena na Ziki walipigwa kwa picha iliyokuwa kichwani mwa wapigaji. Kinyaa kinalishwa na picha, na anayeichora picha hiyo kila siku, kwa undani kuliko wote, ni yule anayesema hataki hata kusikia.

Hapo baadhi ya wasomi hurukia hitimisho moja: basi anayewachukia sana na yeye ni mmoja wao, amejificha. Ulifanyika utafiti katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, ukachapishwa mwaka 1996, wa wanaume 64, ukaonyesha kitu cha namna hiyo kwa waliokuwa na chuki kubwa. Unanukuliwa kila mahali kana kwamba umemaliza kesi. Mimi naukataa utumiaji wake huo. Watu 64 wa chuo kimoja si dunia. Tena hoja yenyewe imebeba dharau ileile, maana inamwambia mwenye chuki, aibu yako ni kwamba nawe uko hivyo. Kwamba kuwa hivyo ni aibu, wote wawili wamekwisha kukubaliana. Mercy si msichana aliyejificha. Ni mwanamke aliyeachwa. Sababu za kawaida zinatosha.

Mwaka uleule wa Rafiki, tarehe 29 Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kuundwa kwa kamati ya watu 17 ya kuwasaka mashoga, akawaomba wananchi wamletee majina. Alisema ni afadhali kuzikasirisha nchi za nje kuliko kumkasirisha Mungu. Baada ya muda mfupi akaeleza kwamba amepokea jumbe 5,763, na ndani yake majina zaidi ya mia moja. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Mengi yamesemwa juu ya habari hiyo, kuhusu wafadhili na mabalozi. Mimi nimebaki na hesabu yake. Jumbe elfu tano na zaidi, majina mia na kitu. Kama hesabu ni kama alivyoitangaza, maelfu ya simu zilishikwa mkononi kuwaelekea watu wachache walewale. Unamtaja mtu, na kwa dakika moja unajua upande uliopo. Wewe ni mtaji, si mtajwa.

Watu wa Mara tunalijua hilo kwa jina jingine. Katika Kanda ya Ziwa, mkoa wetu ukiwamo, wanawake wazee wameuawa kwa kuhisiwa uchawi, na ushahidi wenyewe ukiwa macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni na samadi miaka hamsini. Ugonjwa unapoingia, mvua inapokataa, samaki wanapopungua, mtu mmoja anatajwa, na kwa siku chache kijiji kinajisikia kimepona. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, kinaeleza mbuzi aliyewekewa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Mwanafalsafa Mfaransa René Girard alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba jamii nyingi zimefanya hivyo kwa watu, na kwamba Injili ni kitabu kinachoisimulia habari hiyo kutoka upande wa mbuzi. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama ni kwao, alionya zaidi ya mara moja kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, aliyeonja haachi. Alikuwa akisema juu ya ukabila na udini. Lakini alichokuwa akikieleza ni tabia ya mlaji, na mlaji habadiliki kwa kubadilishiwa kitoweo.

Rafiki haionyeshi haya kwa upana, na huenda hapo ndipo udogo wake ulipo. Umati wake unakuja haraka mno. Tunaona mikono na miguu, hatuoni nyuso, na kesho yake watu hao wanapotea katika hadithi. Ningependa kumwona mmoja wao akiamka asubuhi, akifungua duka, akimuuzia John Mwaura mkate. Angesema nini? Hapo ndipo filamu ingekuwa kubwa kweli. Kahiu amekaa upande wa waliopigwa, na simlaumu, mahali hapo palikuwa patupu. Ila kwa sisi tunaotaka kujua moyo wa mpigaji, tumeachwa mlangoni.

Anayetuingiza ndani kidogo ni John Mwaura, na kwangu mimi ndiye roho ya filamu. Yeye si shujaa. Amemwacha mke wake, anataka kura, na anajua binti yake sasa ni hasara kwake katika uchaguzi. Hatoi hotuba yoyote. Hasomi andiko. Hakuna mahali anapotuambia amebadili mawazo juu ya lolote. Lakini wakati mama anasema binti amewaletea balaa, John anakataa kumwacha mtoto aubebe mzigo wote peke yake. Anasimama pale. Watazamaji wangu wa Buswahili walimkasirikia John kwa kumwacha Mercy, nao walikuwa na haki, lakini katika tukio hilo hakuna hata mmoja aliyemlaumu. Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyesema, "Mtoto ni wako, utampeleka wapi?" Ni yuleyule aliyesema wamezidi. Dakika zilizopita kati ya maneno hayo mawili hazikufika ishirini, na hakuna mtu aliyemhubiria katikati.

Allport alikuwa na wazo linalohusika hapa: kwamba chuki dhidi ya kundi hupungua watu wanapokutana uso kwa uso kwa usawa, wakiwa na kazi moja ya kufanya. Tatizo la jambo letu ni kwamba mtu wa kundi hili anajificha, na ana sababu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154, inafika hadi kifungo cha maisha. Hivyo kila mtu anadhani hajawahi kumfahamu hata mmoja. Shirika la Afrobarometer liliwauliza watu wa nchi 33 za Afrika mwaka 2014 na 2015 kama wangependa au wasingependa kuwa na jirani shoga, na kwa wastani asilimia 78 walisema wasingependa. Neno walilolichagua watafiti lilikuwa jirani. Hawakuuliza kuhusu ndoa, wala sheria, wala dhambi. Waliuliza juu ya ukuta wa pamoja, kuazima chumvi, kuzikana. Ni neno lile ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu alijue mipaka yake, katika Luka 10, naye hakupewa mipaka. Alipewa mtu barabarani, na mwokoaji ambaye msikilizaji wa Kiyahudi angemwonea kinyaa.

Nimalizie na mwisho wa filamu, kwa kuwa ndio ulioleta marufuku. Miaka imepita. Kena amekuwa daktari. Ziki alikuwa amepelekwa London na wazazi wake. Kena amekaa peke yake, na mkono unakuja kutulia begani mwake. Hatuoni zaidi. Bodi ya Kenya, kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, ilimtaka aubadili mwisho huo kwa kuwa ulikuwa na tumaini mno. Wasichana walitakiwa waonekane wakijuta. Alikataa, na tarehe 27 Aprili 2018 filamu ikazuiwa. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Yale mengine yote, pamoja na yale yaliyomtoa kijana wangu kwenda kuangalia betri, yalizungumzika, kwa sharti kwamba mwishoni pawepo machozi ya aibu. Mkono begani haukuzungumzika.

Mwezi Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alilisimamisha zuio kwa siku saba, ili filamu ipate sifa ya kuombewa tuzo ya Oscar. Kwa siku hizo saba kumbi za Nairobi zilijaa. Kisha zuio likarudi.